Wanja kwenye Kioo cha Redio

Apitaye Kengeleni leo, akitoka Nyali kwenda Bamburi, hasikii ila honi za matatu na utingo wakiita abiria. Lakini jina la mahali hapo limetokana na kengele ya kweli. Mwaka 1875 wamishonari wa Church Missionary Society walianzisha kijiji cha Freretown upande huu wa Kisauni, wakawaweka watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Kengele yao ikilia, ni habari: kuna hatari, kila mtu akae macho. Mimi huihesabu kengele ile kuwa ndiyo mtambo wa kwanza wa utangazaji ng'ambo yetu. Wenzangu husema natia chumvi.

Natia, ila si nyingi. Maana hapohapo Freretown ndipo alipozaliwa Leonard Mambo Mbotela mwaka 1940. Mtu wa ukoo wake, James Mbotela, ndiye aliyeandika *Uhuru wa Watumwa*, kitabu kilichotoka 1934 kikisimulia wazee wao walivyotekwa, wakakombolewa, wakatua ufuoni kwetu. Mmoja alishika kalamu, mwingine akashika maikrofoni.

Ila redio ilifika kabla Mambo hajaingia studio. Miaka ya 1950 Mombasa ilikuwa na kituo chake, Sauti ya Mvita. Mwaka 1954 Cairo nayo ikaanza kutangaza kwa Kiswahili, na Ahmed Rashad Ali, mtu wa Unguja, akawa anamchambua Mwingereza kwa lugha ambayo mvuvi na karani wote waliifahamu. Serikali ya mkoloni haikufurahi. Mwaka 1957 BBC nayo ikafungua idhaa ya Kiswahili kutoka London. Basi kuli wa Changamwe akirudi jioni amechoka, alikuta sauti tatu zinamgombania sikio, na zote zinamwita ndugu msikilizaji.

Mwaka 1964 shirika la utangazaji likageuzwa kuwa Sauti ya Kenya, VOK, na mambo yote yakaelekea Nairobi. Wazee wa Likoni waliendelea kusema "fungua Mvita" miaka mingi baadaye.

Ami yangu alikuwa na redio ya mbao iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, mfano wa bibi harusi. Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa. Shangazi, dada yake, hakujua kusoma tarakimu za kioo, kwa hiyo alichukua wanja akatia nukta tatu: ya kwanza Nairobi, ya pili Dar es Salaam, ya tatu Unguja kwa ajili ya taarabu. Akizungusha kishale mpaka kwenye nukta, basi, amefika. Mawe ya redio yakianza kulegea, sauti ikawa ya mtu anayezungumza ndani ya mtungi, yalitolewa yakaanikwa barazani kwenye jua kali la saa saba. Mengine yaling'atwa kwa meno ili yatoe pumzi ya mwisho. Mpaka leo sijui kama kung'ata kulisaidia, ila najua ami alikuwa na pengo.

Mchana ulikuwa wa salamu. Mtu anajaza kadi, anaandika majina ya jamaa zake wa Mtongwe, Miritini na Mazeras, anatia stempu, anangoja wiki tatu. Siku kadi inaposomwa, yeye mwenyewe yuko kazini, hakusikia! Majirani humpokea njiani na habari kwamba ametajwa. Jioni kulikuwa na matangazo ya vifo, na hapo hata watoto walinyamaza.

Mpira nao una mahali pake. Kenya ilitwaa kombe la CECAFA mara tatu mfululizo, 1981 hadi 1983, na golini alikuwepo kijana wetu wa Mombasa, Mahmoud Abbas, waliyemwita Kenya One. Wengi wetu hatukuwahi kumwona akidaka. Tulimwona kwa midomo ya Mambo na ya watangazaji wenzake, Mohammed Juma Njuguna na Ali Salim Manga. Mpira ukivuka nusu ya uwanja, ami husimama. Ukikaribia boksi, hukaa, kwa kuwa magoti hayakuweza.

Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982 nukta ya kwanza ilitoa habari nyingine. Wanajeshi waasi walikuwa wamemchukua Mambo nyumbani kwake, wakampeleka studio kwa mtutu wa bunduki, akasoma kwamba serikali ya Rais Moi imepinduliwa. Ami alisikiliza akiwa na kikombe cha chai ya rangi mkononi. Akasema, "Huyu leo anasoma, hazungumzi." Siku hiyohiyo ikatoka habari kwamba serikali imerudi mikononi mwa wenyewe, na mtangazaji alikuwa yuleyule.

Lakini kilichomkalisha Mambo majumbani mwetu ni *Je, Huu ni Uungwana?*, kipindi alichokianza 1966 akakiendesha kwa zaidi ya miaka hamsini. Aliuliza kuhusu jambo dogo: mtu anayeazima kitu asirudishe, mgeni anayechungulia sufuria. Hakutukana, hakuhubiri sana. Swali lenyewe likahamia mitaani. Mtu akiruka foleni ya feri ya Likoni, utasikia sauti nyuma ikimuuliza, na watu wote wanacheka, naye anarudi mkiani.

Mambo alifariki tarehe 7 Februari 2025. Wiki ile nilivuka kwenda kumwamkia shangazi. Siku hizi nyumba ina televisheni, na vijana wana Pwani FM na Radio Kaya ndani ya simu zao. Redio ya ami iko juu ya kabati, haina mawe, imeshika vumbi. Mjukuu mmoja, kwa nia njema kabisa, akaiteremsha akaanza kupangusa kioo kwa kitambaa kibichi.

"We! Achia hapo," shangazi akampiga kofi mkononi. "Utanipotezea Nairobi."