Miaka 22, swali moja

Wiki iliyopita mzee mwenye nyumba ninayopanga hapa Manzese aliniuliza, "Mwanangu, hii kazi ya magazeti utaifanya mpaka lini?" Nikamjibu nafikiria kurudi shule, nisome mpaka niwe mhadhiri wa historia. Akacheka. "Historia ipi? Si ulete daftari nikusimulie?"

Utani, lakini umenikaa kichwani.

Chuo chenyewe kipo hapo tu, ukivuka Ubungo. Kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiozidi 15, kikahamia Mlimani 1964. Idara ya historia ilianzishwa na Mwingereza, Terence Ranger, aliyekuwa amefukuzwa Rhodesia.

Ukitaja wahadhiri wa enzi hizo vijana wengi watakutajia Walter Rodney. Sawa, ni haki yake. Mimi siku hizi namfikiria zaidi Isaria Kimambo. Udaktari aliupata Northwestern, Marekani, lakini utafiti aliufanya Upare, akiwasikiliza wazee wakieleza habari za koo na watawala wao. Kumbuka ni juzi tu, mwaka 1963, profesa wa Oxford, Hugh Trevor-Roper, alikuwa ametangaza kwamba historia iliyopo Afrika ni ya Wazungu, mengine giza. Kitabu cha Kimambo kikatoka 1969, kikianzia karibu mwaka 1500.

Mpaka hapo unaweza kusema kazi yake na yangu ni moja: daftari, kalamu, na mtu wa kuongea naye. Ila mwaka 1991 akatoa kitabu kingine, Wapare wale wale, safari hii biashara, ukoloni na ule upinzani wao dhidi ya kodi ya mbiru miaka ya 1940. Miaka 22 baadaye bado yupo kwenye milima ile ile! Mimi habari niliyoifuatilia kwa muda mrefu kuliko zote ilichukua siku nne, na siku ya tatu mhariri alikuwa ameshaanza kununa.

Kinachonivuta basi si kuitwa Dokta. Ni huo muda. Lakini bei yake naijua: shahada ya pili, ya tatu, miaka mingi ya kuishi kwa kubangaiza, na GPA yangu haikuwa ya kubakizwa chuoni. Halafu kuna rundo la mitihani ya kusahihisha, ambalo hakuna anayelisimulia.

Jumamosi nikaenda na daftari. Nilijua kwamba miaka ya 1970 Manzese iliboreshwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, barabara na maji vikaletwa. Nikauliza hilo kwanza.

"Usinirukishe," mzee akasema. "Kwanza nikwambie shamba hili lilikuwa la nani."

Nimejaza kurasa 11, na bado hatujafika 1970.