Uoto wa Mombasa Bara

Mimea ya Likoni, Kisauni na Changamwe hutegemea masika, yenye kilele mwezi Mei, vuli, na udongo unaobadilika kila baada ya kilomita chache. Juu ya mwamba wa matumbawe udongo ni haba na maji hupenya upesi. Mbuyu humudu kwa kuweka maji katika shina na kupukutisha majani kiangazi. Mchangani hustawi minazi na mikorosho. Kwenye hori za Tudor na Port Reitz, mchu, aina ya mkoko, hutoa chumvi kupitia majani. Lamba jani utaionja. Katika machimbo ya Bamburi, mivinje iliyopandwa kuanzia 1971 ilirutubisha mawe matupu kwa nitrojeni, na majongoo wakageuza majani yaliyoanguka kuwa udongo.