Nyaya za Trekta la Mjomba

Asubuhi kivuko cha Magogoni kinaleta watu mjini. Mwaka jana, Jumamosi nane mfululizo, mimi nilikuwa navuka kinyume chao, kuelekea Kigamboni, mkononi mfuko wa nyaya, fyuzi na vikonyo vya betri kutoka Gerezani. Abiria wenzangu waliniona kama fundi. Si kweli. Mimi ni mtu wa vitabu, na trekta la mjomba wangu nalo nililisoma hivyohivyo.

Ni Massey Ferguson 135. Aina hii ilianza kutengenezwa mwaka 1964 kule Coventry, Uingereza, na hili lina injini ya Perkins ya silinda tatu. La mjomba lilikuwa limelala chini ya banda la makuti zaidi ya miaka kumi na tano. Wanunuzi wa chuma chakavu walishapita mara mbili wakitaka kulipima kwa kilo, na watoto wake walishakubali bei. Nikamwomba miezi miwili. "Likigoma, mjomba, wachukue."

Injini haikutusumbua sana. Mimi na fundi tulichomoa nozeli, tukamimina oili kwenye silinda, tukaacha ilale humo siku mbili, kisha tukaizungusha kwa mkono mpaka ikalegea. Dizeli ya zamani ilikuwa imegeuka utomvu. Tukaimwaga, tukasafisha tangi, tukaweka filta mpya, tukatoa upepo kwenye pampu. Basi. Injini ya dizeli haina plagi. Ikishawaka, haidai umeme tena. Ndiyo maana umeme wa trekta hudharauliwa: unaonekana ni wa taa na stata tu.

Kazi ilikuwa kwenye nyaya. Tulipofunua dashibodi tulikuta kitu kama kiota cha kunguru, na panya nao walishaweka mchango wao. Ila nilipoanza kuzifuata moja moja niliona zina tabaka, kama udongo wa shimo la kisima. Chini kabisa zilikuwa za kiwandani, kwa rangi walizozizoea Waingereza: kahawia inayotoka betri, nyeupe ya swichi, kijani iliyopita kwenye fyuzi, nyeusi ya bodi. Juu yake waya pacha wa taa za nyumbani, maungio yamefungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Juu zaidi, vijiwaya vyembamba vya pikipiki.

Ule mpira wa baiskeli ndio ulionisimamisha.

Tatizo la vipuri nchini ni la zamani kuliko trekta lenyewe. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga Kongwa, wakilenga kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Matrekta mengi yalikuwa masalia ya jeshi la Marekani yaliyochukuliwa Ufilipino. Yalipitia bandari hii ya Dar es Salaam, na kabla mwaka haujaisha mengi yalikuwa yamesimama: yamechoka, hayana spea, na mafundi ni wachache. Septemba mwaka huohuo makuli wa bandari nao wakagoma. Mradi ulifutwa mwaka 1951, baada ya kula mamilioni ya pauni. Karanga zilizopatikana, tusizitaje.

Baada ya uhuru matrekta yaliendelea kuja, kwa mikopo na kwa misaada. Lakini Vita ya Kagera ilipokwisha mwaka 1979, mafuta yakiwa yamepanda bei, fedha za kigeni zilikauka. Taifa lilikuwa linahesabu dola za kununulia dizeli. Nani angekumbuka fyuzi? Mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi, na aliyekuwa na spea akaificha. Mwaka uliofuata serikali ikaruhusu wenye fedha zao nje waingize bidhaa, na maduka yakaanza kupumua. Waya pacha wa mjomba ni wa katikati hapo. Mwenyewe alinihakikishia: waliuchomoa kwenye nyumba.

Sasa, kuna waya mmoja. Kwenye 135, stata haipati umeme mpaka mkono wa gia ya polepole na ya kasi uwe katikati. Pana swichi ndogo ya usalama: gia ikiwa imeingia, trekta haliwaki. Swichi ile ilipokufa, mpya haikupatikana, basi wakairuka. Baadaye njia hiyo ya mkato nayo ikakatika, wakawa wanasimama chini, mbele ya gurudumu kubwa la nyuma, wanagusanisha vyuma vya stata kwa bisibisi. Wakulima wa Uingereza na Marekani wamekufa hivyohivyo: gia imesahaulika ndani, injini inashika, gurudumu linapita juu ya mtu.

"Tumewasha hivyo miaka kumi, mjomba," akaniambia, "na miguu yangu miwili hii hapa."

Mkewe, aliyekuwa anapepeta mchele barazani, hakuinua uso. "Yako," akasema.

Ndipo nikamkumbuka dereva wao wa zamani, yule anayechechemea. Utotoni tuliambiwa alianguka mnazini.

Jumatatu yake nilikuwa Gerezani. Hapo ni jirani na Kariakoo, iliyopata jina kutoka kwa Carrier Corps, wapagazi waliobebeshwa mizigo ya vita vya 1914 hadi 1918, kazi iliyowaua kwa maelfu. Nilizunguka maduka manne kutafuta kiswichi cha ukubwa wa kidole gumba.

"Bosi wangu, hiyo watu huwa wanairuka tu," muuzaji akanishauri.

"Najua," nikasema.

Aliipata, ya mtumba, kwenye kopo la maziwa.

Tulivuta nyaya upya zote, kwa rangi zilezile. Dinamo iliyolala muda mrefu hupoteza sumaku yake, kwa hiyo tuliigusisha umeme wa betri kidogo kabla ya kuifunga. Jumamosi ya nane mjomba alipanda kitini, akaweka gia katikati, akageuza ufunguo. Likakohoa moshi mweupe, likazima. Mara ya tatu likashika, kuku wakatawanyika.

Alilizima, akaingiza gia makusudi, akageuza tena ufunguo. Kimya. Akarudia. Kimya. Kisha akamtuma mjukuu wake akamwite yule dereva aje aone.