Kutoka Juliana hadi homa ya ini: damu iliyotolewa Kagera

Wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Mitaani ugonjwa ulikwishapata jina: Juliana, kutokana na nguo zilizovuma kwa wafanyabiashara wa mpakani. Vita vya Kagera vilikuwa vimeisha miaka 4 tu nyuma, magendo na Uganda yamepamba moto, na wapo wagonjwa walioamini wamerogwa.

Mwaka 1987 watafiti wa Muhimbili, akiwemo Japhet Killewo, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Umeå, Sweden, walifika vijijini na mitaani wakiomba damu ya kupima virusi vya UKIMWI (VVU). Dawa ya kumpa aliyekutwa na virusi haikuwepo mkoani. Aliyekunja mkono wa shati achomwe sindano alitoa damu pasipo kupata nafuu yoyote, jambo ambalo kwa maoni yangu halisimuliwi vya kutosha. Majibu yalitisha: Bukoba mjini, asilimia 24.2 ya watu wazima walikuwa na virusi. Bukoba vijijini na Muleba, 10. Ngara na Biharamulo hata 1 haikufika. Kisha, kabla dawa hazijaenea, Bukoba mjini ikashuka hadi 13.3 mwaka 1996, na Muleba 4.3 mwaka 1999.

VVU hula seli za kinga zinazoitwa CD4, na hapo ndipo homa ya ini ya B hupata upenyo. Njia zake za kuambukiza ni zile zile za VVU: damu, ngono, mama kwa mtoto. Mtu mzima mwenye kinga timamu mara nyingi huishinda mwenyewe. Watoto wachanga wanaoambukizwa, kama 90 katika 100 hubaki nayo. CD4 zikipungua, uwezo huo wa mtu mzima nao hupungua. Ajabu ni kwamba uharibifu mwingi wa ini hufanywa na seli za kinga zenyewe, zikishambulia seli za ini zilizoambukizwa. Kinga ikilegea, ini huweza kutulia huku virusi vikizaana. Ikiamshwa na dawa za VVU, macho huweza kugeuka manjano wakati mgonjwa ndiyo kwanza anaanza kurudisha mwili.

Mpango wa taifa wa kutoa dawa hizo ulianza 2004. Lamivudini iliyomo hupambana na homa ya B pia, ila ikiwa peke yake virusi huizoea; tenofovir ndiyo iliyokuja kuipa nguvu. Chanjo ya homa ya B iliingia kwenye ratiba ya watoto mwaka 2002. Waliotoa damu 1987 wakiwa watu wazima hawakuwemo.