Mkwaju: Sauti Bila Uso

Mchezaji wa jukwaani ana uso, mikono na mavazi ya kumsaidia. Mchezaji wa redio hana ila sauti. Kwa sababu hiyo wasikilizaji humkumbuka mhusika, na aliyempa uhai husahauliwa. Mfano mwema ni Mkwaju, dereva wa lori katika mchezo wa Twende na Wakati, ulioanza kusikika Redio Tanzania mwaka 1993, mara mbili kwa juma.

Mkwaju aliwekwa kuwa mfano mbaya. Alikuwa na wapenzi katika safari zake, akamdhulumu mkewe Tunu, na mwishowe akafa kwa UKIMWI. Kumcheza mtu wa namna hiyo ni kazi nzito. Sauti ikiwa katili mno, msikilizaji hujitenga naye na kusema, "Huyu si mimi." Ikiwa tamu mno, maovu hugeuka kuwa ushujaa. Basi mchezaji hana budi kupendeza kwanza, ndipo aogofye.

Yafaa tulitazame jambo hili kutoka Kisiba, katika milima ya Rungwe. Lugha ya nyumbani huko ni Kinyakyusa, na redio ilinena Kiswahili. Lakini dereva wa lori hakuhitaji mkalimani. Barabara itokayo Uyole hupita Tukuyu, ikateremka Kyela hata mpaka wa Malawi. Katika nchi ya njia kuu kama hiyo, Mkwaju hakuwa mtu wa hadithi za mbali.

Nguvu ya mchezo huo ilipimwa. Hadi mwaka 1995 kituo cha Dodoma hakikuutangaza, ili watafiti walinganishe sehemu iliyousikia na isiyousikia. Ilionekana kwamba katika sehemu zilizousikia watu walipunguza idadi ya wapenzi na kuzidi kutumia kondomu, na uzazi wa majira nao uliongezeka.

Takwimu hizo ni za thamani, ila zilimpima msikilizaji peke yake. Chombo kilichomfikia hakikuwa takwimu, bali pumzi, kicheko na kikohozi cha mtu aliyesimama mbele ya kinasa sauti. Wanafunzi wa fasihi hukusanya maandishi ya tamthilia. Yawapasa pia kukusanya kanda za redio, na majina ya wachezaji pamoja nazo, wangali hai wenye kuwakumbuka. Tusipofanya hivyo, vizazi vijavyo vitamjua Mkwaju aliyeangamia, wala havitamjua yule aliyetuonya kwa kinywa chake.