Mahitaji ya tarakilishi kwa programu za kazi mtandaoni

MFANYAKAZI anayetumia programu za ofisi kupitia mtandao, kama vile Google Workspace au Microsoft 365, halazimiki kuzisakinisha kwenye tarakilishi yake. Hata hivyo, mashine yake ikiwa imepitwa na wakati, huenda akashindwa kufikia kazi yake mwenyewe.

Sharti la kwanza ni kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti. Chrome, Firefox, Edge na Safari hukubalika kwa jumla, mradi viwe vya toleo la karibuni. Microsoft 365 iliacha kukubali Internet Explorer mnamo Agosti 2021.

Pili ni mfumo endeshi. Chrome toleo la 110, lililotolewa Februari 2023, halifanyi kazi kwenye Windows 7 wala 8.1. Hivyo basi, tarakilishi kuukuu yaweza kuwaka vyema ilhali kivinjari chake hakisasishwi tena.

Tatu, sharti kuki na JavaScript ziruhusiwe. Kuki ndizo humtambulisha mtumiaji baada ya kuandika nywila, na bila JavaScript vitufe vingi havifanyi kazi. Tarehe na saa pia ziwe sahihi. Zikikosea, kivinjari hushindwa kuthibitisha cheti cha usalama cha tovuti na huenda kikakataa kuifungua.

Mtandao nao ukikatika, kazi inaweza kukwama. Google Docs huruhusu kuandika bila mtandao kupitia Chrome au Edge, lakini ni lazima uwezo huo uwashwe mapema, mtandao ukiwapo.