Kaskazi, Kusi na Lugha ya Somo la Jiografia

Majina ya Kiswahili ya pande za dunia yamehifadhi historia ya bahari: kaskazini ni utokako upepo wa kaskazi, na kusini ni utokako kusi. Mwaka 1967 Tanzania ilikifanya Kiswahili lugha ya kufundishia katika shule za msingi, na jiografia ikafundishwa kwa istilahi kama ikweta, latitudo na longitudo. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza sekondari zifuate kuanzia 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Hivyo, mwanafunzi aliyetoka shule hizo, aingiapo kidato cha kwanza, hujifunza upya kwa Kiingereza pepo alizokwisha kuzijua. Hoja kwamba Kiswahili hakina istilahi za somo hili, basi, haiungwi mkono na historia.